Bendi ni yangu, lakini mimi napiga nini?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa miaka 29, prodyuza wa singeli, naishi Mbagala. Nilianza kugonga biti nikiwa kidato cha pili, kwenye kompyuta ya binamu yangu ambayo ilibidi tuiwekee feni la mezani ubavuni isije ikazima kwa joto. Singeli nadhani umeisikia hata kama huipendi: midundo 200 hadi 300 kwa dakika. Biti zangu nyingi ziko 240. Kazi hiyo ndiyo inayonilisha: vigodoro (zile sherehe za mtaani za usiku kucha), harusi, na MC, yaani waimbaji wa singeli, wanaokuja kurekodi.

Kama wenzangu wengi, nakata vipande vya taarabu za zamani. Kuna kipande kimoja cha fidla, sekunde nne tu, nilikitoa kwenye kanda ya marehemu bibi. Nilikiongeza kasi mara mbili, mlio ukapanda oktavu nzima, ukawa kama nyuki waliofungiwa chupani. Kipande hicho ndicho kilichonipa jina mtaani.

Mwaka juzi nilivuka kwenda Zanzibar kwenye tamasha la Sauti za Busara, nikalipa kiingilio changu kama mtazamaji. Pale Ngome Kongwe wanaopanda jukwaani wanapiga laivu. Nilisimama mbele kabisa, karibu na mpiga fidla mmoja, nikawa naona jasho linavyomtiririka kidevuni na kudondokea kwenye mbao ya fidla. Nikarudi Dar sina usingizi. Nikaamua kuunda bendi: singeli yangu, lakini kwa vyombo vya kidumbaki, ile taarabu ya mtaani ya Zanzibar.

Nilihangaika miezi minane kuwapata watu. Wa fidla ni mzee wa miaka 71, mwenyeji wa Unguja, aliyehamia Temeke kwa binti yake; fidla ilikuwa chini ya kitanda. Wa sanduku, yaani ile besi ya boksi la mbao, mti na kamba moja, ni fundi seremala, na sanduku kalitengeneza mwenyewe. Vidumbaki wanapiga vijana wawili waliokulia kwenye ngoma ya mdundiko. Kuna na dada mmoja anayeimba huku akishika mkwasa, vile vijiti vya kugonganisha, na cherewa, yaani manyanga. MC ni mshikaji wangu tangu shule.

Siku ya kwanza ya mazoezi nikampigia mzee biti yenye kile kipande. Akasikiliza, akaniambia, "Irudishe ilivyokuwa." Nikaipunguza kasi. Akasikiliza tena, akacheka peke yake. "Hapa kateleza kidole. Halafu kaligeuza kosa likawa pambo. Huyu namjua." Shangazi, miaka yote ile nilikuwa nazungusha kosa la mtu!

Baada ya hapo shida zikaanza. Kwa 240 wapiga ngoma wanashika dakika mbili, ya tatu mikono inakataa. Nikawapa hedifoni zenye mdundo wa kuwaongoza ili waende sawa na kompyuta. Mzee akazivua, akaziweka juu ya meza taratibu: "Mwanangu, mdudu huyu simtaki masikioni." Na siku moja yule dada, wala hakuwa na ubaya, akaniuliza mbele ya wote: "Kwani wewe kaka unapiga nini?" Nikacheka. Usiku sikulala.

Shoo yetu ya kwanza ilikuwa harusi ya Charambe. Tulilipwa laki sita. Kukodi spika laki mbili, usafiri elfu hamsini, iliyobaki tukagawana watu saba, elfu hamsini kila mmoja. Zamani mimi na MC wangu, na laptopu na fleshi, kila mmoja aliondoka na laki na zaidi.

Lakini si hela iliyoniuma. Katikati ya wimbo wa tatu umeme ulikatika, na jenereta ya wenye harusi ikagoma. Spika kimya, kadi yangu ya sauti imezima. Mzee hakusimama. Alimwangalia wa sanduku, wakashusha kasi, ngoma zikawafuata, dada akapokea, na wakapiga karibu dakika kumi gizani, watu wanamulika kwa simu. Kina mama walitoka hadi majirani. Mimi nilikuwa nyuma ya meza yangu, mikono inaning'inia. Hakuna aliyegundua kwamba sipo kwenye muziki. Mpaka leo sijui kama nilichosikia ni furaha au aibu.

Mtu akarekodi, video ikazunguka. Wiki iliyopita kanipigia mwandaaji wa sherehe moja ya Desemba. Anaitaka "ile bendi ya fidla". Akauliza, bila kujua anaongea na nani, "Yule wa kompyuta asipokuja, bei inapungua kiasi gani?" Nikamwambia nitamjibu baada ya wiki mbili. Wenzangu sijawaambia. MC naye kaninunia, anasema nimewahama, na nasikia anarekodi kwa prodyuza mwingine.

Nirudi kwenye laptopu yangu peke yangu? Nijifunze chombo uzeeni? Au niwaachie bendi waende? Mama yangu anafurahi, eti sasa napiga muziki wa watu wazima. Hilo nalo linaniudhi na sijui kwa nini.

Prodyuza asiye na chombo, Mbagala

*

Marahaba mwanangu, hujambo.

Nianze kwa kukiri kwamba mimi si mwanamuziki. Niliolewa na mpiga akodiani kwa miaka ishirini na mbili, Mungu amrehemu, na bendi nimeijulia jikoni. Wakija mazoezini nilipika, na mtu anayepakua chakula cha bendi anasikia mengi kuliko aliye jukwaani. Ndiyo maana barua yako niliisoma mara mbili, na mara ya pili nikaiweka chini kidogo nilipofika pale kwenye hedifoni.

Kwa nilivyokuelewa, umekusanya watu ili wapige muziki uliokuwa kichwani mwako, na usiku mmoja umeme ulipokatika ukagundua kwamba wana muziki wao. Ulikuwa mzuri, na wewe hukuwemo. Sasa kuna anayetaka kuulipia huo bila wewe. Ya hela, ya kasi, ya MC, yote ni kweli, lakini hayo ungeyamudu bila kuniandikia mimi.

Kuna maneno yako mawili matatu nataka tuyatazame pamoja.

Umeandika "singeli yangu, lakini kwa vyombo vya kidumbaki". Hebu nikuulize bila kukusuta: ulipowaita watu wale, uliwaita waje kufanya nini? Maana kipande cha sekunde nne kina raha yake. Kinakaa pale ulipokiweka, hakichoki mikono, hakiulizi swali mbele za watu. Inawezekana, na wewe ndiye unayejua, kwamba ulikwenda kutafuta watu wa kupiga kile kipande, ukashangaa walipokuja na vidole vyao na mazoea yao. Sisemi kwamba ulikosea. Aliyezoea kufanya kazi peke yake usiku na hedifoni, hivyo ndivyo anavyojua kutengeneza kitu kizuri.

La pili ni hiyo sahihi yako. Nani kakwambia huna chombo? Nakumbuka mchiriku wa miaka ya tisini hapa Dar: kinanda kidogo cha Casio, cha kuchezea watoto hasa, kimefungwa kwenye spika za tarumbeta zinazokwaruza, na pembeni ngoma tupu za ngozi. Hakuna aliyemuuliza mpiga kinanda yule anapiga nini. Na singeli yenu, kwa upande mmoja, imetoka ubavuni mwa mchiriku. Kwa hiyo mashine kukaa katikati ya ngoma si jambo ulilolibuni wewe, na wala si dhambi. Tofauti ninayoiona mimi wa jikoni ni kwamba yule wa Casio vidole vilikuwa juu ya kinanda, akimwangalia mpiga ngoma usoni. Ngoma ikiongeza, naye anaongeza. Ya kwako ilikuwa ikihesabu yenyewe na wengine wote waifuate.

Hapo nirudi kwa mzee na yule "mdudu" wake. Simjui, nabahatisha tu. Lakini mtu wa miaka 71 aliyepiga fidla Unguja ameona vinanda vya umeme vikiingia kwenye taarabu. Mume wangu aliviona. Kikundi chao kilikuwa na fidla nne, akodiani, udi, na kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, ambayo mwenyewe alikuwa akija saa nzima kabla ya wengine ili atune nyuzi zake. Siku kinanda kilipoletwa kilitoa sauti zote hizo kwa mtu mmoja. Hakuna aliyefukuzwa. Waliambiwa wapumzike kidogo, wataitwa. Mume wangu aliipangusa akodiani yake kila Ijumaa kwa miaka mingi akisubiri kuitwa. Kwa hiyo mzee akikuambia hataki mashine imwongoze, pengine si ukaidi wa uzee, wala si dharau kwako. Na ukumbuke kwamba huyohuyo alipokisikia kipande chako hakukugombeza. Alicheka.

Ya kurudi kwenye laptopu peke yako wala si aibu, mwanangu, na nisikusikie ukiita kushindwa. Vijana wa Mburahati hapa Dar walikuwa na kompyuta na vyumba vya joto kama chako, na mwaka 2017 lebo ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa singeli yao, milango ya matamasha ya Ulaya ikafunguka bila fidla hata moja. Ukirudi huko hela yako itakuwa na uhakika zaidi na huenda MC akarudi nawe. Hatari ninayoiona ni ndogo lakini ya kudumu: umeshasimama karibu na fidla ikipigwa. Utaweza kukikata kipande kingine usimfikirie aliyekipiga?

Kuwaachia bendi waende Desemba bila wewe, au wewe uwe msimamizi tu, kunaonekana ni ungwana. Nimewaona waungwana wa namna hiyo. Mwaka wa kwanza wanabeba vyombo na kutabasamu, wa pili wanaanza kuhesabu nani alimleta nani, wa tatu hawasalimiani. Kama unaweza kukaa chini ya jukwaa ukafurahi kweli, fanya. Kama unafanya ili wakuone mwema, ngoja kwanza.

Kujifunza chombo, kwa nini unasema uzeeni? Una miaka 29! Mkwasa ni vijiti viwili tu, na nimeona watu wazima wakijifunza kwa mwezi mmoja na kuumaliza mwaka wakiutafuta uzuri wake. Lakini usijifunze kwa kukimbia swali la yule dada. Nadhani alitaka kujua akuangalie wapi wimbo unapobadilika. Kwenye bendi hilo ni swali la kazi.

Iko na ya kubaki na mashine yako ndani ya bendi ila kwa zamu tofauti: ngoma ziongoze, wewe ufuate. Nilimuuliza mjukuu wangu, naye anagonga biti mpaka majirani wanalalamika, akaniambia zipo pedi za kupiga kwa vidole, sauti inatoka pale unapoigusa na si pale saa ya kompyuta inapotaka. Akaniambia na jambo jingine nililolipenda: vidumbaki vikipiga 120 kwa raha zao, mashine inaweza kupita mara mbili ndani yake, ikawa ni 240 yako ileile, na hakuna mkono uliokufa. Kama ni kweli, na wewe unajua kuliko yeye, basi kasi haikuwa ugomvi kama ulivyodhani. Uzito wa njia hii ni huu: kwa miezi kadhaa wewe ndiye utakuwa mpigaji dhaifu kuliko wote katika bendi uliyoiunda mwenyewe. Mzee atakusubiri. Wewe utavumilia kusubiriwa? Na vijana wa kigodoro wanaokujua kwa nyuki wa chupani wanaweza wasikuelewe siku za mwanzo.

Wengine wangekushauri ufanye vyote, singeli na MC siku hizi, bendi siku zile. Inawezekana. Inachosha pia, na itategemea mazungumzo na mshikaji wako ambayo naona hujayafanya. "Umetuhama" si neno la mtu aliyekuchoka. Mfuate, usimtumie ujumbe wa sauti. Kwenye barua yako nzima umemweleza MC kwa mistari mitatu, na ndiye mliyeanza naye.

Kuhusu hela sina maneno mengi. Elfu hamsini kwa usiku mzima ni ndogo, na watu sita hawatakuja mazoezini mara mbili kwa wiki kwa mapenzi tu; nauli ya Temeke hadi kwako inajulikana. Kaeni muandikiane kabla ya Desemba: nani katunga, nani kapiga, nauli inatoka wapi, bendi ikialikwa bila mmoja wenu inakuwaje. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua na mpigaji, si mtunzi peke yake, na COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, mnaweza kwenda kuuliza. Ukiwa pale uliza na habari ya kile kipande cha kwenye kanda ya bibi. Najua kila mtu anakata. Uliza tu.

Sasa ile simu. Umeificha, na ninakuelewa, neno la yule bwana lilikuchoma. Lakini zimebaki siku chache, na mzee akiisikia kwa mwingine itakuwa vigumu kumweleza kwamba hukuwa unaizuia riziki yake. Ukiwaambia wanaweza kusema twende bila wewe. Wanaweza pia kushangaa kwamba uliwahi kufikiri hivyo. Mimi sijui. Wewe nawe hujui, na nadhani kutokujua huko ndiko kunakokukosesha usingizi, kuliko hata lile giza la Charambe.

Ya mama yako yamenichekesha. Kasema sasa unapiga muziki wa watu wazima, nawe ukaudhika. Ungeudhikaje kama ungekuwa unaionea haya singeli? Mtu huudhika kikidharauliwa kitu chake. Kaa na hilo kidogo kabla hujaamua kuuza laptopu.

Nina ombi moja. Umeniambia mzee alikisikia kipande chako akasema, "Huyu namjua." Umeniandikia umri wa mzee, fidla ilikolala, mpaka kazi ya mpiga sanduku. Jina la yule aliyeteleza kidole hukuniandikia, na nahisi hukuuliza. Nenda Temeke siku isiyo ya mazoezi, uende na sukari na majani ya chai, kompyuta uiache nyumbani, ukamuulize alikuwa nani. Halafu niandikie.

Shangazi yako